Pindo la Pembetatu: Mkeka, Leso na Mfarishi katika Kisiwa cha Pemba

Makusudi ya makala haya ni kueleza habari za pindo, yaani ukingo unaomaliza nguo au mkeka, katika kisiwa cha Pemba na pwani inayokielekea, na hasa pindo lile lifanywalo kwa safu ya pembetatu ndogo ndogo. Huenda msomaji akaona kwamba jambo hili ni dogo, la kufaa mazungumzo ya mafundi cherehani barazani kuliko kurasa za historia. Lakini walioandika historia ya nguo katika pwani yetu wamezoea kuhesabu majora yaliyoshushwa forodhani, na kutaja majina ya wenye meli, wenye maduka na wenye viwanda. Mikono iliyoyapokea majora hayo, ikayakata na kuyaunga, haikutajwa ila mara chache. Wengi wa wenye mikono hiyo walikuwa wanawake, na baadhi yao walikuwa watumwa. Hawakuacha madaftari, waliacha mishono. Basi tukitaka kujua walifanya nini, yatupasa kuisoma mishono yenyewe, na mahali pa kuanzia kuisoma ni penye pindo.

Maneno

Neno pindo limetokana na kupinda. Fundi huukunja ukingo wa nguo akaushona, ili nyuzi zisifumuke. Pale palipopindwa ndipo penye pindo. Kwa asili yake, basi, pindo si pambo bali ni kinga. Taraza ni neno jingine, nalo limetoka katika Kiarabu. Ni utepe wa hariri au wa nyuzi za rangi, unaofumwa au kushonwa ukingoni mwa kilemba au mwa nguo nyingine ya heshima. Katika dola za Kiislamu za zamani neno hilo hilo, tiraz, lilikuwa jina la utepe wenye maandishi, ambao mara nyingi ulitaja jina la khalifa; na karakana ilimofumwa nguo hiyo iliitwa vivyo hivyo. Hivyo fikira ya kuandika maneno katika nguo, karibu na ukingo wake, ni ya kale sana kuliko kanga.

Kiraka ni kipande kizibacho tundu. Mfarishi ni tandiko la kitandani, nguo mbili zilizotiwa pamba au matambara katikati, zikashikizwa pamoja kwa mishono. Tukiyatazama maneno haya manne pamoja twaona kwamba kila moja lina jambo lake: pindo lakinga, taraza yaheshimu, kiraka chaziba, mfarishi watia joto. Mwanamke anayeunga vipande vya nguo kuukuu kuwa mfarishi mdogo wa mtoto, kisha akautia pindo la pembetatu za rangi, azifanya kazi zote nne kwa sindano moja.

Ukili

Kabla ya kusema habari za nguo, yafaa kuutazama mkeka, kwa kuwa katika mkeka ndimo ilimo elimu ya kwanza ya kuunga. Pemba ni kisiwa cha mvua, vilima na mabonde. Wanawake wake husuka mikeka, misala na vikapu kwa ukindu, yaani majani ya mkindu. Majani hayo hukatwa, yakachemshwa au kuanikwa juani hata yakageuka meupe, kisha yakapasuliwa kwa upana ulio sawasawa. Baadhi hutiwa rangi. Zamani rangi nyeusi ilipatikana kwa mdaa. Baadaye rangi za unga za dukani zikaenea.

Ukindu huo husukwa kuwa ukili, yaani utepe mwembamba ambao upana wake ni vidole vichache tu na urefu wake ni pima nyingi. Mkeka mzima si kitu kingine ila ukili ulioshonwa ubavu kwa ubavu hata ukapata upana unaotakiwa. Kwa hiyo mkeka nao ni kazi ya vipande. Anayeutazama kwa mbali huona uso mmoja. Anayepitisha kidole juu yake huhisi mishono.

Sasa yapo maarifa katika ukili yanayohusu pembetatu. Ukindu hausukwi kwa kufuata urefu wa utepe, husukwa hanamu. Unapofika ukingoni hupindwa, ukarudi ndani kwa upande wa pili. Ikiwa jani moja ni jeusi na mengine ni meupe, jani lile jeusi huchora mstari wa kwenda na kurudi, na kila linapopindwa hutokea ncha. Majani meusi kadhaa yakifuatana, kati ya ncha na ncha huonekana pembetatu. Hakuna aliyeikata pembetatu ile; imezaliwa na kupinda.

Ukili mmoja ukishonwa na wa pili, pembetatu za huu hukutana na pembetatu za ule, na mbili zikikutana hufanya umbo la pembe nne lililosimama kwa ncha, mfano wa kipande cha kashata. Msukaji hodari hujulikana hapo. Ikiwa kipimo chake cha kusuka kilikuwa kimoja tangu mwanzo hata mwisho, ncha zitaelekeana. Ikiwa mkono ulikaza leo na kulegea kesho, ncha zitapishana, na kosa lile halifichiki. Kisha hufika ukili wa mwisho, ule wa ukingoni, ambao hauna mwenzake wa kushonwa naye. Pembetatu zake hubaki nusu. Safu hiyo ya nusu ndiyo pindo la mkeka. Kwa hiyo pindo la pembetatu, katika kazi ya ukindu, si kitu kilichoongezwa nje baada ya kazi kwisha. Ni kazi ile ile ilipofikia mpaka wake.

Leso

Nguo za kutoka ng'ambo zilijulikana Pemba tangu zamani sana. Duarte Barbosa, Mreno aliyeandika mwanzoni mwa karne ya 16, aliwataja wakubwa wa visiwa vya Mafia, Unguja na Pemba kuwa walivaa nguo nzuri za hariri na pamba, walizozinunua Mombasa kwa wafanyabiashara wa Cambay, katika nchi ya Gujarat. Katika karne ya 19 biashara hiyo ikageuka. Seyyid Said alifanya mkataba na Marekani mwaka 1833, na nguo nene ya pamba isiyopaushwa, iliyofumwa katika viwanda vya Massachusetts, ikaingia kwa wingi mno hata ikaitwa kwa jina la nchi yake: merikani. Ilipotiwa nili ikawa nyeusi, au buluu ya kukaribia weusi, nguo ya namna hiyo iliitwa kaniki.

Hapa yafaa tusimame kidogo. Pamba ya viwanda vile vya Massachusetts ililimwa katika majimbo ya kusini ya Marekani na watumwa wenye asili ya Afrika. Nguo iliyotoka humo ilivuka bahari, ikafika Unguja na Pemba, ikavikwa watumwa wa mashamba ya karafuu. Mtumwa mmoja aliichuma pamba asijue itavaliwa na nani. Mtumwa mwingine aliivaa nguo asijue ilichumwa na nani. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, kuanzia 1861 hata 1865, viliikata biashara hiyo, na nguo za Uingereza, na baadaye za viwanda vya Bombay, zikajaza nafasi. Lakini jina la merikani likabaki katika lugha yetu hata nguo yenyewe ilipokuwa haitoki Marekani tena.

Mwaka 1872 tufani kubwa iliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja. Pemba ilisalimika zaidi, na tangu wakati huo ikawa ndiyo shamba kubwa la karafuu za nchi. Kazi ya shamba ilitaka watu, na watu hao walikuwa watumwa hata mwaka 1897, ilipotolewa amri ya kuiondoa hali ya utumwa katika sheria. Amri ile haikuwapa uhuru watu wote papo hapo. Ilimpasa mtumwa mwenyewe aende kuutaka. Masuria hawakuingizwa katika haki hiyo hata mwaka 1909. Ni katika miaka hiyo hiyo, kati ya nusu ya pili ya karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20, ndipo leso ilipoenea, na kwa sababu hiyo habari za leso haziwezi kutengwa na habari za uhuru.

Neno leso limetokana na neno la Kireno lenço, kitambaa cha mkononi au cha kichwani. Vitambaa hivyo vya kupigwa chapa vilikuja vimefuatana katika jora moja, mraba baada ya mraba, ili mwenye duka amkatie mnunuzi kwa hesabu aitakayo. Habari zilizopokewa pwani zasema kwamba wanawake walianza kununua sita kwa mpigo. Urefu ule wa vitambaa sita waliukata katikati, wakapata vipande viwili vya vitambaa vitatu vitatu; kisha wakavishona vipande hivyo ubavu kwa ubavu, ikawa nguo moja pana ya kutosha kujifunga au kujitanda. Wenye maduka walipoona jambo hilo limependeza, wakaagiza nguo iliyopigwa chapa nzima nzima. Hiyo ndiyo iliyoitwa kanga, kwa kufananishwa na manyoya ya ndege yule mwenye madoadoa. Na katika Mombasa jina la leso likadumu kwa nguo ile ile.

Habari hii husimuliwa mara nyingi, lakini maana yake haikupimwa vya kutosha. Kununua utepe mrefu, kuukata, na kuushona ubavu kwa ubavu ili upate upana: kazi hiyo si ngeni. Ndiyo kazi ya ukili. Mwanamke wa visiwani aliyeliona jora la leso aliona mbele yake ukili wa pamba, nao alijua tangu utoto wake la kufanya na ukili. Sisemi kwamba leso ilibuniwa Pemba, maana masimulizi huutaja mji wa Unguja na hata Mombasa. Nasema kwamba maarifa yaliyoiunga leso yalikuwamo mikononi mwa wanawake wa pwani nzima, wa Pemba wakiwamo, kabla merikebu yenye majora ile haijatia nanga.

Tena tuangalie ukingo. Kila kitambaa cha leso, kikiwa kitambaa kamili, kina ukingo wake. Sita vikiungwa, kingo zinakutana na kukatana katikati ya nguo. Nguo ilipoanza kupigwa chapa nzima, kingo za ndani zikaondoka, ikabaki ile ya nje peke yake, ikiizunguka nguo pande zote nne. Hiyo ndiyo pindo la kanga tulijualo, na yaliyomo ndani yake huitwa mji. Jina hilo halikutolewa bure. Mji wa pwani ulikuwa na ukuta wake, na aliye ndani ya ukuta alikuwa mwenyeji. Chini ya mji huandikwa jina, yaani maneno ya kanga, ambayo hapo kwanza yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu na baadaye kwa herufi za Kirumi. Katika Mombasa duka la Kaderdina Hajee Essak, lililoanza mwaka 1887, lilipata sifa kubwa kwa kanga zake zenye alama ya Mali ya Abdulla. Viwanda vilivyopiga chapa vilikuwa mbali: Uingereza, Uholanzi, Uswisi, India, Japani; na mwaka 1968 kiwanda cha Urafiki kikafunguliwa Dar es Salaam.

Basi viwanda vilipiga chapa, wenye maduka wakauza. Lakini umbo la nguo, yaani upana wake, mji wake na pindo lake, lilitokana na mshono wa mnunuzi. Chapa ilikuja kuuiga mshono. Na kwa mwanamke aliyekuwa amevikwa merikani au kaniki bila kuulizwa, kuchagua pindo na mji na jina kwa fedha ya karafuu alizochuma mwenyewe halikuwa jambo la urembo tu. Lilikuwa ni kutangaza kwamba naye yumo ndani ya ukuta.

Mfarishi

Kanga haitupwi ikichakaa. Huwa mbeleko, huwa winda la mtoto, huwa kitambaa cha jikoni, na mwisho hukatwa vipande. Katika vipande hivyo sehemu ya katikati ndiyo huwa imechoka kwanza, kwa kukaliwa na kufuliwa. Pindo mara nyingi hubaki na nguvu. Ndiyo sababu mwenye kushona mfarishi mdogo kwa kanga kuukuu huona kwamba nguo njema aliyosaliwa nayo ni ya pindo, na katika mapindo mengi ya kanga zimo safu za pembetatu, vidoto na korosho. Humpasa kuamua: aziunge pembetatu zile kama zilivyopigwa chapa, au akate pembetatu zake mwenyewe kwa vipande vya rangi mbili?

Njia ya pili ni ngumu, na yafaa ielezwe, kwa kuwa ugumu wake ndio unaoifanya kuwa mizani ya ustadi. Huchukuliwa miraba miwili iliyo sawa, mmoja wa rangi nzito na mmoja wa rangi nyepesi, ikawekwa uso kwa uso. Hupigwa mstari wa pembe kwa pembe, zikashonwa safu mbili, moja kila upande wa mstari, kisha mstari ukakatwa. Vikifunuliwa, hupatikana miraba miwili, kila mmoja una pembetatu nzito na pembetatu nyepesi. Miraba hii hushonwa kwa safu, ikaleta mfano wa meno.

Taabu iko katika mambo mawili. La kwanza ni hanamu. Nguo ikikatwa kwa kufuata mtande au mshindio hutulia. Ikikatwa hanamu huvutika. Kila pembetatu ina upande mmoja wa hanamu, na upande huo ukielekezwa nje, ukingo wote utayumba na mfarishi hautalala. Upande wa hanamu lazima ufungwe ndani ya mshono, na upande ulionyooka ndio uelekee nje. La pili ni hesabu. Tuseme mfarishi una shubiri nne kwa tano, na kila jino lina robo ya shubiri. Upande mmoja utachukua meno 16, na wa pili 20, na pembe zitakutana vema. Lakini mfarishi wa vipande vya kanga hauwi na kipimo kamili namna hiyo. Ukizidi kidogo, jino la mwisho hukatika, na pembe ikawa na kibogoyo. Mafundi huponya jambo hilo kwa kutia utepe wa nguo tupu kati ya mji na meno, mpana wa kutosha kuufikisha upande katika kipimo kigawanyikacho. Utepe huo hauonekani kuwa dawa. Huonekana kuwa pambo. Na wenye busara huanza kupanga meno pembeni wakaja katikati, ili ikiwa kuna tofauti ipotee mahali ambapo macho hayatui.

Haya yote msukaji wa ukili ayajua kwa jina jingine. Kuuweka mkono katika kipimo kimoja, kuelekeza ncha kwa ncha, kufikiri habari za ukingo tangu mwanzo: ni elimu ile ile, imehama kutoka katika ukindu ikaingia katika pamba.

Ng'ambo ya bahari

Pembetatu ukingoni si mali ya Pemba peke yake. Katika sarong za Java iko safu ya pembetatu ndefu iitwayo tumpal, na nguo za India zilizouzwa katika nchi hizo zilikuwa na mapambo ya namna hiyo pia. Katika Massachusetts na majimbo jirani, mahali palepale ilipofumwa merikani, wanawake wa karne ya 19 walitia mifarishi yao mapindo ya pembetatu, wakayaita kwa jina la meno ya msumeno.

Lakini mfano unaotuhusu zaidi uko India, katika wilaya ya Uttara Kannada, jimbo la Karnataka. Huko wanaishi Wasidi, watu ambao wazee wao walitoka Afrika, wengi wao wakipelekwa kama watumwa, baadhi kupitia Goa ya Wareno. Wanawake wao hushona mfarishi uitwao kawandi kwa vipande vya nguo kuukuu. Mwanachuoni wa Marekani, Henry John Drewal, ameieleza kazi hiyo kwa urefu. Wao huanza ukingoni, wakaizunguka nguo wakielekea katikati. Na katika pembe nne huweka vipande vya nguo vilivyopindwa vikawa pembetatu, viitwavyo phula, yaani maua. Kawandi isiyo na phula, kwao, ni kama mtu aliye uchi.

Sidai kwamba phula zilitoka Pemba, wala kwamba pindo letu lilitoka kwao. Kupinda jambo ni la watu wote. Ninalolionyesha ni kwamba watu walionyang'anywa nchi na majina, wakabaki na matambara, hawakutosheka na joto la mfarishi. Waliutaka uwe na pembe zilizokamilika. Kama pindo lingekuwa pambo tu, lingekuwa la kwanza kuachwa wakati wa dhiki, nalo halikuachwa.

Hitimisho

Tumeona kwamba pembetatu ya ukingoni, katika ukili, huzaliwa na kupinda. Kwamba leso iliungwa kwa njia ya mkeka. Na kwamba kiwanda kilipochukua kazi ya kuunga, kililihifadhi pindo kama ushahidi wa mshono ulioondoka. Historia ya kanga, basi, isiandikwe kuwa ni zawadi ya wenye viwanda kwa wanawake wa pwani. Ni mapatano, na upande mmoja wa mapatano hayo uliweka sahihi yake kwa sindano.

Iko kazi iliyobaki, nayo yawapasa wenye kukijua Kipemba. Lahaja za kisiwa hicho zilichunguzwa na W. H. Whiteley katika kitabu chake cha mwaka 1958, na wengine wamemfuata. Lakini maneno ya ukindu na sindano yataka mkusanyo wake yenyewe: majina ya mapambo ya ukili, ya namna za kushona, ya mapindo, na ya makosa, maana fundi hulitaja kosa kwa jina lililo sahihi kuliko sifa. Maneno hayo yamo vinywani mwa wazee wa Wete, Chake Chake na Mkoani, na katika vijiji vilivyo baina yao. Mikeka ya plastiki na mablangeti ya dukani hayana haja nayo. Jina la pambo lisiposemwa hufa kabla ya pambo lenyewe; na mkusanyaji atakayekuja baadaye atauona mkeka, ataziona pembetatu, wala hatakuwa na mtu wa kumwambia zaitwaje.